Sister Rosetta Tharpe: Mwimba injili aliyewatangulia wafalme wa rock and roll

Na Mwandishi Wetu

UKIWAULIZA wapenzi wa muziki ni akina nani walioanzisha rock and roll, wengi watakutajia majina ya wanaume. Watamtaja Elvis Presley na mtindo wake wa kuzungusha nyonga, Chuck Berry na gitaa lake, Little Richard na piano yake, au Jerry Lee Lewis. Ni wachache watakaomtaja mwanamke mweusi, mlokole, aliyekuwa akicharaza gitaa mbele ya waumini miaka mingi kabla wanaume hao hawajaingia studio.

Mwanamke huyo ni Sister Rosetta Tharpe, aliyefariki dunia Oktoba 9, 1973 mjini Philadelphia, Marekani, akiwa na umri wa miaka 58. Alizikwa katika kaburi lisilokuwa na jiwe wala jina, na kaburi hilo likabaki hivyo kwa takriban miaka 35.

Ilikuwaje basi mtu aliyepata kujaza uwanja wa michezo kwa harusi yake mwenyewe azikwe bila hata kibao cha kuonyesha alipolazwa? Jibu linapatikana katika maisha yake. Kwa umri wake wote Rosetta alivutwa na pande mbili, kanisa na kumbi za starehe, naye hakuwa tayari kuuacha upande wowote. Uamuzi huo ndio uliompa sauti yake ya pekee, na ndio pia uliomgharimu.

Mtoto wa wachuma pamba

Rosetta alizaliwa Machi 20, 1915 katika mji mdogo wa Cotton Plant, jimbo la Arkansas, kusini mwa Marekani. Wazazi wake, Katie Bell Nubin na Willis Atkins, walikuwa wakiishi kwa kuchuma pamba, kama walivyokuwa watu weusi wengi wa eneo hilo katika enzi zile.

Hata hivyo, mama yake hakuwa mchuma pamba tu. Alikuwa mwimbaji, mpiga mandolini na mwinjilisti wa Church of God in Christ, kanisa la Kipentekoste lililoanzishwa na Askofu Charles Harrison Mason. Wakati makanisa mengi yakisisitiza utulivu na unyenyekevu katika ibada, kanisa hilo liliwaruhusu waumini kupiga ngoma, matari na magitaa, kupiga makofi na kucheza mbele za Bwana. Aidha, liliwapa wanawake nafasi ya kufundisha Neno.

Ni katika mazingira hayo Rosetta alipolishika gitaa. Inaelezwa kuwa alianza kuimba na kupiga akiwa na umri wa miaka minne hivi, na alipofikia miaka sita tayari alikuwa akifuatana na mama yake katika misafara ya kuhubiri huku na huko kusini mwa nchi. Watu walikuja kusikia mahubiri, lakini pia walikuja kumshangaa mtoto wa kike ambaye gitaa lilikuwa karibu sawa na kimo chake.

Katikati ya miaka ya 1920, mama na mtoto walihamia Chicago. Hicho kilikuwa kipindi ambacho watu weusi kwa maelfu waliyahama mashamba ya kusini na kukimbilia miji ya viwanda ya kaskazini, wakitafuta kazi na kukimbia ukatili wa ubaguzi wa rangi. Walibeba mizigo yao, na pamoja na mizigo hiyo walibeba muziki wao.

Chicago ikawa shule ya pili ya Rosetta. Kanisani, katika Mtaa wa 40, aliendelea kuimba injili. Nje ya kanisa mji mzima ulikuwa ukivuma kwa blues na jazz. Binti huyo aliyasikiliza yote, na yote yakaingia katika vidole vyake.

Gitaa linalojibizana na sauti

Ili kuelewa alichokifanya Rosetta, ni vyema kukumbuka kazi ya gitaa katika bendi nyingi za wakati huo. Lilikuwa chombo cha nyuma, kazi yake kubwa ikiwa kushikilia mdundo ili tarumbeta, saksafoni na piano vipate kung'ara. Kwa mpiga gitaa kusogea mbele na kuufanya wimbo usimame juu ya nyuzi zake lilikuwa jambo la nadra, na kwa mwanamke lilikuwa la nadra zaidi.

Rosetta alilisogeza gitaa mbele. Alipiga nyuzi moja moja kwa kasi, akizivuta na kuzipinda mpaka zikalia kama mtu. Aliimba mstari mmoja, kisha akaliacha gitaa limjibu, kama vile mhubiri anavyotamka neno na waumini wakaitikia. Ulikuwa ni utaratibu wa ibada alioukuta kanisani, ila safari hii mhubiri na waitikiaji walikuwa mtu mmoja.

Baadaye alipohamia kwenye gitaa la umeme, mtindo huo ulizidi kupata makali. Sauti ya gitaa ilikuwa nzito na yenye mkwaruzo, ikaweza kushindana na bendi nzima. Anayesikiliza rekodi zake leo atatambua mara moja mambo ambayo miaka ya baadaye yalikuja kuitwa ya kawaida katika rock and roll.

Kutoka madhabahuni hadi Cotton Club

Mwaka 1934, akiwa na miaka 19, Rosetta aliolewa na mhubiri wa kanisa lake, Thomas Thorpe. Ndoa hiyo haikuwa na furaha wala haikudumu. Mwaka 1938 alimwacha mumewe, akaenda New York pamoja na mama yake. Alichobaki nacho katika ndoa hiyo ni jina, nalo likiwa limebadilika kidogo na kuwa Tharpe. Neno Sister lilikuwa cheo cha kawaida cha dada wa kanisani, na hakulitupa hata alipopanda majukwaa ya kidunia.

Mwaka huo wa 1938 ulibadili maisha yake. Alianza kuonekana katika klabu maarufu ya Cotton Club, pamoja na bendi ya Cab Calloway. Oktoba 31 aliingia studio za kampuni ya Decca na kurekodi nyimbo nne, zikiwamo Rock Me na That's All. Zilikuwa nyimbo za kwanza za injili kurekodiwa na kampuni hiyo, nazo zilipokewa kwa kishindo. Desemba 23 alipanda jukwaa la Carnegie Hall, katika tamasha lililoandaliwa na John Hammond kuonyesha safari ya muziki wa watu weusi tangu nyimbo za kiroho hadi jazz.

Wimbo wa Rock Me ulikuwa umetungwa na Thomas A. Dorsey, mtunzi mkubwa wa nyimbo za injili, ukiwa sala ya mtu anayemwomba Mungu amkumbatie. Katika kinywa cha Rosetta, akiwa ndani ya klabu yenye moshi na vinywaji, wimbo huohuo ungeweza kusikika kama wimbo wa mapenzi. Wasikilizaji wa klabu walifurahi. Waumini wengi waliomlea walichukizwa.

Kwao, nyimbo za Mungu hazikupaswa kuchezewa mbele ya watu waliokuwa wakilewa. Hali ilikuwa ngumu zaidi alipojiunga na bendi ya Lucky Millinder mwaka 1941, kwani mkataba ulimlazimu kuimba pia nyimbo za kidunia kabisa. Kufikia mwaka 1943 alikuwa akitamani kurudi katika injili pekee, na mwaka huo aliondoka katika bendi hiyo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Rosetta alikuwa miongoni mwa waimbaji wachache wa injili waliorekodi santuri maalumu zilizopelekwa kwa wanajeshi wa Marekani waliokuwa vitani nje ya nchi. Kwa njia hiyo sauti yake ilivuka bahari kabla yeye mwenyewe hajavuka.

Wimbo uliofungua mlango

Mwaka 1944 Rosetta alirekodi wimbo wa Strange Things Happening Every Day, akisindikizwa na mpiga piano Sammy Price. Piano ilipigwa kwa mtindo wa boogie-woogie, mdundo ukikimbia, na gitaa la Rosetta likiingia katikati kwa ujasiri. Maneno yalikuwa ya kidini, lakini muziki ulimtaka msikilizaji ainuke kitini.

Aprili 1945 wimbo huo ulifikia nafasi ya pili katika orodha ya jarida la Billboard iliyotengwa kwa santuri za wanamuziki weusi. Halikuwa jambo la kawaida kwa wimbo wa injili kupanda kiasi hicho. Baadhi ya wanahistoria wa muziki wanauhesabu kuwa miongoni mwa rekodi za kwanza kabisa za rock and roll.

Ni vyema kutazama miaka. Wakati wimbo huo ukivuma, Elvis Presley alikuwa mtoto wa miaka 10. Little Richard alikuwa na miaka 12. Chuck Berry alikuwa kijana wa miaka 18, na wimbo wake wa kwanza uliomtoa, Maybellene, ulikuja miaka 10 baadaye, mwaka 1955. Hivyo Rosetta hakuwafuata watu hao. Walikuwa watoto na vijana waliokuwa wakimsikiliza redioni.

Kwa Little Richard, jambo hilo halikuishia redioni. Mwaka 1947, Rosetta alikwenda kutumbuiza katika mji wa Macon, jimbo la Georgia, ambako kijana huyo wa miaka 14 alikuwa akifanya kazi ya kuuza soda katika ukumbi. Kabla ya onyesho kuanza alimsikia akiimba nyimbo zake. Badala ya kumpuuza, alimpandisha jukwaani na baada ya onyesho akamlipa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Little Richard kulipwa kwa kuimba, na baadaye alieleza kuwa siku ile ndiyo iliyomfanya aamue kuwa mwanamuziki.

Marie Knight na harusi ya uwanjani

Mwaka 1946 Rosetta alimsikia mwimbaji kijana, Marie Knight, katika onyesho la Mahalia Jackson mjini New York. Alivutiwa na sauti yake, akamwalika wafanye kazi pamoja. Wanawake hao wawili walizunguka Marekani wakiimba, wakapata mafanikio makubwa kwa vibao kama Up Above My Head na Didn't It Rain.

Safari hizo hazikuwa nyepesi. Katika majimbo ya kusini, mwanamuziki mweusi aliyejaza ukumbi jioni aliweza kukataliwa chumba cha hoteli usiku na chakula mgahawani asubuhi yake. Rosetta alijinunulia basi lake lenye mahali pa kulala. Kuna wakati alisafiri na The Jordanaires, kundi la waimbaji weupe ambalo baadaye lilikuja kumsindikiza Elvis Presley katika rekodi zake nyingi. Walipofika mahali asiporuhusiwa kuingia, wao waliingia na kumletea chakula chake kwenye basi.

Kilele cha umaarufu wake kilikuwa Julai 3, 1951. Siku hiyo Rosetta alifunga ndoa yake ya tatu, na Russell Morrison, katika uwanja wa michezo wa Griffith, mjini Washington. Watu wanaokadiriwa kufikia 25,000 walinunua tiketi kuishuhudia. Inaelezwa kuwa waandaaji walikwishakubaliana naye juu ya tukio hilo kabla ya bwana harusi mwenyewe kupatikana. Baada ya kiapo, bibi harusi akiwa bado katika gauni lake alichukua gitaa la umeme na kutumbuiza, kisha fataki zikarushwa. Decca waliirekodi shughuli nzima na kuiuza kama santuri.

Nyota yafifia nyumbani

Baada ya hapo mambo yalianza kwenda mrama. Mwaka 1953 Rosetta na Marie Knight walijaribu kurekodi nyimbo za blues, na mashabiki wengi wa kanisani waliona kuwa safari hii amevuka mpaka. Wakati huohuo Mahalia Jackson, aliyekataa katakata kuimba nyimbo za kidunia, alikuwa akipanda na kuwa sauti kuu ya injili nchini.

Kwa upande wa pili, rock and roll ilipolipuka katikati ya miaka ya 1950, soko lilitaka sura za vijana, na waliouza zaidi walikuwa vijana wa kiume, wengi wao wakiwa weupe. Mwanamke mweusi wa miaka 40, mlokole mwenye gitaa, hakuwa na nafasi katika picha hiyo, ingawa mtindo uliokuwa ukiuzwa ulikuwa na alama za vidole vyake. Kanisa lilimwona wa kidunia mno, na dunia ikamwona wa zamani.

Ulaya ndiyo iliyompa maisha mapya. Mwaka 1957 alifanya ziara nchini Uingereza akiwa na bendi ya Chris Barber, akapokewa vizuri. Mwaka 1964 alirudi katika msafara uliomjumuisha pia Muddy Waters na wakongwe wengine wa blues.

Mei 7 mwaka huo televisheni ya Granada iliwarekodi wanamuziki hao katika stesheni ya reli iliyokuwa haitumiki tena mjini Manchester. Watazamaji, wengi wao vijana, walikaa upande mmoja wa reli na wanamuziki wakawa upande wa pili. Rosetta aliwasili kwa gari la kukokotwa na farasi, akiwa amevaa koti lake na viatu vya visigino virefu. Mvua ilikuwa imenyesha, naye akaamua kufungua kwa Didn't It Rain, wimbo unaohusu gharika ya Nuhu. Akavaa gitaa lake jeupe la umeme aina ya Gibson, akalipiga pale kwenye stesheni yenye unyevu kana kwamba yuko kanisani kwao Arkansas.

Picha za dakika hizo chache zimehifadhiwa, na ndizo zilizowatambulisha kwake watu wengi ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa uhai wake.

Mwisho wa safari

Mwaka 1970 Rosetta alipatwa na kiharusi. Ugonjwa wa kisukari nao ulimsababishia kukatwa mguu mmoja. Hata hivyo hakuacha kabisa muziki, aliendelea kuimba kadiri afya ilivyomruhusu. Oktoba 1973 alikuwa amepangiwa kuingia studio kurekodi. Kabla ya siku hiyo kufika, kiharusi kingine kilimchukua.

Rafiki yake wa siku nyingi, Marie Knight, alisaidia katika maandalizi ya mazishi. Rosetta alizikwa katika makaburi ya Northwood, Philadelphia, bila jiwe la kumbukumbu. Kizazi kipya kikaendelea kucheza muziki wake bila kujua jina lake.

Wanamuziki wenyewe hawakumsahau. Johnny Cash, mzaliwa wa Arkansas kama yeye, alimtaja miongoni mwa waimbaji aliowapenda alipoingizwa mwaka 1992 katika Jumba la Heshima la Rock and Roll, taasisi inayowaenzi wakuu wa muziki huo. Wengine waliokuwa wakizifahamu na kuzipenda kazi zake ni pamoja na Elvis Presley na Jerry Lee Lewis.

Taasisi zilichelewa. Jumba hilo la Heshima lilipoingiza kundi lake la kwanza mwaka 1986, Elvis, Chuck Berry, Little Richard na Jerry Lee Lewis walikuwamo. Kulikuwa pia na nafasi maalumu ya watangulizi waliowaathiri wengine, lakini Rosetta hakuwamo. Mwaka 1998 Shirika la Posta la Marekani lilitoa stempu yenye picha yake. Mwaka 2007 mwandishi Gayle Wald alichapisha kitabu cha maisha yake, na mengi yaliyokuwa yamefukiwa yakajulikana.

Januari 11, 2008 lilifanyika tamasha katika jimbo la Pennsylvania la kuchangisha fedha za kununua jiwe la kaburi lake, na gavana wa jimbo akaitangaza siku hiyo kuwa siku ya Sister Rosetta Tharpe. Jumba la Heshima nalo lilimwingiza Aprili 14, 2018, miaka 32 baada ya wale waliokuwa wakimsikiliza walipokuwa watoto, na karibu miaka 45 tangu afariki dunia.

Leo mgeni anayefika katika makaburi ya Northwood hahitaji tena kuuliza ni wapi alipolazwa. Jiwe lipo, na jina lake limeandikwa.